Kitambaa cha Dirishani

Sheria inataka kila nyumba itundike kitambaa cheupe dirishani mwaka mzima, kisha serikali ikichukue, ipime vumbi la madini ya risasi, sumu ya ubongo, lililonata kutoka hewani. Kwa vitambaa hivyo huchorwa grafu ya vumbi hilo kwa nchi nzima, na mstari wake umeshuka miaka ishirini mfululizo. Mtaa ukionekana safi, hung'olewa mashine za kusafisha hewa. Za kwetu zinang'olewa wiki ijayo.

Watu wamesahau, mimi sisahau. Namkumbuka dada yangu Sikudhani, aliyepotewa na maneno mpaka akashindwa kutaja jina lake, na kiwanda kile cha kuyeyusha betri bado kinafuka pale pale. Jana mjukuu wangu Tunu, mtoto wa miaka minne, alishindwa kukumbuka neno "maji".

Asubuhi nikaenda kumwambia mama yake, mke wa mwanangu, kwamba safari hii tunagoma, mashine zisiondolewe. Nikamkuta uani, povu mpaka viwikoni, anafua kitambaa cha dirishani.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Mpimaji anakuja saa nne, mama. Nimpe mgeni kitambaa kichafu?"

"Nani kakufundisha hayo?"

Akacheka. "Si wewe, nilipoolewa hapa? Ulisema wasituone wachafu. Mtaa mzima tunafua."

Ni kweli, nilisema.

Mpimaji alipopiga hodi, nilimpelekea beseni lenyewe la kufulia, maji ya kijivu yakimwagikia miguu yangu.

"Pima haya."

Akachungulia kwa adabu. "Fomu yangu ina nafasi ya kitambaa tu, bibi."