Maneno ya Gavana

Mwalimu Ghati alikawia kutafsiri, na kila mtu aliona kwamba amekawia.

Gavana alikuwa amekwisha kusema. Alisimama akitabasamu mbele ya wafuga nyuki wa Kibondo, akisubiri Kifaransa chake kigeuzwe Kiswahili. Alitoka nchi ya mbali, huko magharibi ya Afrika, kuja kuona asali inavyorinwa. Pale mkutanoni Kifaransa alikijua mtu mmoja tu, Ghati, mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa huku kutoka Mara. Castory, mwenyekiti wa ushirika, ndiye aliyemchagua, na tangu asubuhi wote wawili walikuwa gari moja na mgeni.

"Huyu hana ndugu hapa," Castory alikuwa amewaambia wenzake. "Hana wa kumpendelea."

Bibi Niyubahwe alisimama nje ya kamba iliyozungushwa mkutanoni, akamwona mwalimu akifuta viganja kwenye sketi. Alimhurumia. Ghati alikuwa mpangaji wake, na mwezi uliopita bibi alipolala na homa, binti huyo ndiye aliyemchotea maji siku sita bila kuombwa.

Ndani ya kamba waliketi wanachama, na bibi hakuwa mwanachama tena. Kabla ya uchaguzi Castory alikata majina arobaini na moja kwenye daftari, yote ya watu ambao wazazi wao walikimbia kutoka Burundi. Alisema uraia wao una mashaka. Bibi alimpelekea cheti chake, akarudishiwa bila kusomwa. Siku ya kura, waliobaki walipanga mstari nyuma ya Castory, maana hapakuwa na mgombea mwingine wa kupangiwa mstari.

Sasa daftari lilikuwa liende wilayani kesho yake. Asiyekuwa na jina angelazimika kuishusha mizinga yake na kuiondoa msituni. Bibi alikuwa na mizinga kumi na minne. Shamba hakuwa nalo.

"Mwalimu, watu wanangoja," Castory alisema.

Ghati akaanza. "Gavana anasema ameelezwa kwamba hapa yamekatwa majina arobaini na moja. Anasema hao ni raia wenzenu, na nyuki hawaulizi baba wa mtu alizaliwa wapi. Anasema uchaguzi wa namna hiyo si uchaguzi."

Mtu akakohoa. Gavana aliendelea kutabasamu.

Castory akainuka, mishipa ya shingo imemtoka. "Yeye? Yeye ndiye wa kutufundisha? Si huyu tunayemsikia redioni? Ametawala jimbo lake miaka ishirini na miwili! Wapinzani wake wako jela, na kura zake anahesabu mdogo wake!"

"Akafagie kwake kwanza!" Venanti, swahiba wa mwenyekiti, alidakia. "Nyani huyo, haoni kundule!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Bibi aliona kicheko kile kikizunguka, na akajua kikifika mwisho mambo yatakuwa yamekwisha. Watu watakwenda kula, na mizinga yake itashuka. Akainama, akapita chini ya kamba.

"Wewe bibi, rudi nyuma!" Venanti alifoka.

"Nitarudi, mwanangu. Nijibu kwanza. Mlevi akikugongea mlango akakwambia nyumba yako inaungua, utamwuliza pombe kanywea wapi?"

"Aa, bibi, hayo ni mengine..."

"Utatoka mbio, Venanti. Tena bila kandambili."

Safari hii walicheka walioko nje ya kamba, na wachache wa ndani.

Afisa ushirika wa wilaya, Anatoli, aliyekuwa ameketi karibu na mgeni, hakucheka. Alifunga kalamu yake.

"Mwenyekiti, majina hayo yamekatwa?"

"Mheshimiwa, huyu gavana kwao—"

"Sijakuuliza habari za gavana. Atajibu kwao. Nimekuuliza daftari."

Castory akatazama chini. Akatazama wenzake. Hakuna aliyemtazama.

"Lilete hapa," Anatoli alisema.

Yakasomwa yote, moja baada ya jingine, na kila mtu alipoitwa alipita chini ya kamba. Kufika jina la ishirini, mzee mmoja mwanachama aliinuka, akaifungua kamba kwenye mti, akaikunja vizuri, ili watu wazima wasiendelee kuinama. Anatoli akatangaza kwamba uchaguzi utarudiwa Jumamosi, na mizinga yote ibaki ilipo.

"Mwalimu, mwambie mgeni tunamshukuru kwa kusema ukweli."

Ghati alimwambia gavana maneno machache. Gavana akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, kisha akamkumbatia Castory kwa nguvu, kama ndugu waliopotezana. Wengi waliguswa. Ametukanwa hadharani, walisema, na bado anakumbatia.

Alasiri, nyumbani, bibi alichuja asali yake nzuri kuliko zote, akaijaza kwenye chupa safi.

"Nampelekea gavana kabla hajaondoka," alisema. "Ana dhambi zake, Mungu anazijua. Lakini leo kinywa chake kimeniokoa. Kaa hapa, mwanangu, uniandikie barua ya shukrani kwa lugha yake."

Ghati alipokea kalamu, lakini kwanza akaenda kufunga mlango. Alirudi, akaketi, akaiweka ile kalamu mezani.

"Bibi, usimpelekee."

"Kwa nini tena?"

"Alimpongeza Castory. Alisema yeye alipokata majina kwao, watu waliandamana mwezi mzima. Akaomba afundishwe ninyi mlinyamazishwaje."