Bima ya Siku Moja

Leonard Sowerby aliukata kwa meno utepe wa hospitali aliofungwa mkononi, akautia mfukoni, kisha akatoa mwingine wa kijani kwenye kisanduku cha gari na kuugandisha mkononi kwa gundi. Huu wa kijani ulikuwa wa uwanja wa mbio za magari wa Harrowby. Pale kila dereva hufungwa wake asubuhi baada ya kusomewa masharti, na bila huo haingii njiani. Leonard alikuwa amejiwekea kadhaa tangu mwaka jana.

Alikuwa ameketi ndani ya Lotus yake ya njano, gari dogo la mbio, kwenye maegesho ya hospitali, helmeti ikiwa kwenye kiti cha pili. Tangu Machi alikuwa akimuaga mkewe kwamba anakwenda Harrowby kukimbiza gari, kumbe anakuja hapa kutundikiwa dripu ya dawa ya saratani. Akirudi nyumbani hoi, husema kona zimemvuruga tumbo. Nywele zilipoanza kutoka alinyoa zote, akasema helmeti ina joto. Uongo ulimtoka kwa ulaini mpaka akawa anajionea aibu.

Yote hayo alifanya kwa ajili ya Wendy. Wendy alimuuguza mama yake miaka na miaka, akamzika majira ya baridi yaliyopita. Leonard alitaka apate walau kiangazi kimoja cha kupalilia njegere zake bila kunusa dawa. Asijue mpaka itakapobidi.

Gari lile Wendy hakulipenda hata kidogo. Aliliita sabuni, kwa udogo wake na utelezi wake, na aliapa hataushika usukani wake hata kwa dawa. Gia za mkono alikuwa hajazigusa tangu ujana. Ila sharti lake lilikuwa moja: bima ya uwanjani akate yeye mwenyewe. Bima ya kawaida hufa pale tu gurudumu linapokanyaga uwanja, kwa hiyo jioni ya kuamkia kila safari husimama ukumbini na simu ya mezani, akaagiza bima ya siku moja.

"Bima tayari," alisema tena leo asubuhi mlangoni, akimkabidhi begi. "Lakini wanalipa bati tu, mzee. Shingo yako hawalipi."

"Shingo yenyewe imechakaa hivi, nani ataitaka?"

Wendy hakucheka. Alimshushia vizuri kofia ya sufu aliyomfumia mwenyewe, ikafunika masikio, ingawa ulikuwa mwezi wa Agosti. Kisha akaingia ndani upesi.

Leonard alipojipenyeza garini magoti yaligonga usukani. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele tena, na kioo kimeinamishwa. Alimlaani fundi aliyelileta gari juzi kutoka gereji, akarudisha kiti nyuma, akaondoka.

Begini mlikuwa na supu nyepesi kwenye chupa na biskuti za tangawizi. Zamani Wendy alikuwa akimfungia mikate ya bekoni. Leonard hakulalamika, maana siku za dripu biskuti zile ndizo pekee zilizokubali kukaa tumboni.

Leo dripu haikuwapo. Dokta alimkalisha, akafunga mlango, akamwambia kwamba dawa haikufua dafu na hapakuwa na haja ya kuendelea kumtesa. Leonard alishukuru kwa adabu, akauliza wanalipia wapi maegesho.

Alilia garini kwa muda mrefu, kofia ya sufu usoni. Alipomaliza kulia alipandwa na hasira. Harrowby haikuwa mbali. Jioni angemwambia Wendy kila kitu, lakini kwanza alitaka aende uwanjani kweli, mara moja tu, ili akimtazama mkewe machoni iwepo walau safari moja isiyo ya uongo. Bima ilikuwapo. Jana jioni alimsikia kwa masikio yake akiisoma namba ya gari simuni. Alichohitaji kujua ni kama inafaa hata akiingia mchana.

Akampigia Gareth wa kampuni ya bima, mtu waliyejuana naye tangu gari lilipokuwa jipya.

"Len! Mzee wangu." Kwa kawaida Gareth huanza na matani. "Nimefurahi kweli kuisikia sauti yako. Unaendeleaje?"

"Nipo, nasukuma. Sikiliza, ile bima ya leo ya Harrowby. Nikiingia mchana, bado inanilinda?"

Ikasikika kompyuta ikibonyezwa.

"Len, usiingie uwanjani. Bima ya leo hakuna."

"Acha utani. Wendy kaikata jana."

"Jana Wendy hakupiga."

"Nilimsikia mimi! Alikuwa ukumbini, anaongea na wewe, mpaka anacheka."

"Hakuongea na mimi, ndugu yangu. Bima ya uwanjani hajakata tangu Machi. Mara ya mwisho kupiga ilikuwa Mei, akataka tumwandike kama dereva wa pili wa Lotus. Barabarani tu."

"Wendy? Wendy halitaki hili gari hata kulitazama."

"Hata mimi nilimwambia hivyo hivyo." Gareth alikohoa kidogo. "Akasema anajifunza upya gia, ukishalala mchana. Maana ipo siku utashindwa kujiendesha kutoka hospitali, na siku hiyo hataki urudi nyumbani kwa teksi."