Wimbo wa Kumtoa Zuleica

"Kizulu? Kule Durban, Wazulu wakibishana juu ya neno, wananiita mimi niwaamulie."

Wakwe watarajiwa wa Fauzi wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Acha wacheke. Tangu vita viwakimbize Palma na kuwarudisha, kicheko kilikuwa adimu nyumba ile. Mzee Tarique alikubali kumwoza bintiye Zuleica kwa sababu moja tu: Fauzi alisema ana kazi na nyumba Durban, atamtoa binti kwenye maisha haya ya kulala na viatu miguuni.

Fauzi mwenyewe hakuwahi kuvuka Nampula. Kizulu chake chote kilikuwa wimbo mmoja wa kwaya, wa zamani, alioudaka kwenye telefone akaukariri kama juzuu.

Mwalimu wa kufungisha ndoa alikuwa bado njiani kutoka Olumbi.

"Tuchangamshe basi, mkwe," Mzee Tarique akasema. "Wenzetu wa huko wanamtoaje bibi arusi?"

"Aa, upo wimbo wa kazi hiyo hiyo!" Fauzi akasimama. "Naita, mnaitika. Nikinyamaza tu, mtaje jina lake."

Kwenye video, kwaya nayo hunyamaza hapo, kisha huita jina la mtu. Fauzi akaling'oa, akapachika la mchumba wake.

Wakaanza. Sauti za wanawake zikashuka, nzito, tamu, mpaka miili ikawasisimka wasijue kwa nini. Fauzi akanyamaza.

"Zuleica!"

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Zuleica akatoka polepole, kainamisha kichwa.

Hapo ikaingia sauti mpya kutoka pembeni. Bibi Saquina, shangazi yake Mzee Tarique, aliyeletwa asubuhi ile kutoka Vamizi, alikuwa akiimba. Hakukosea neno hata moja. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Ee, bibi naye keshaudaka!" Fauzi akamkonyeza. "Furaha hiyo!"

Bibi Saquina akainuka. Akamshika Zuleica mkono, akamrudisha chumbani, akafunga mlango nyuma yake, akasimama hapo mlangoni.

"Shangazi, kuna nini?" Mzee Tarique akauliza.

Bibi akamgeukia Fauzi.

"Wewe kijana umekaa Durban ipi usiambiwe? Hapo kwenye jina tulikuwa tunamtaja anayetolewa kwenda kunyongwa. Alfajiri moja nilipokuwa huko, nje ya gereza la makaburu, tulimtaja mume wangu."