Ngiri na Kivuli cha Punda

Katika mji wa wanyama, Ngiri alimwonea Punda wivu, kwa kuwa kila siku Punda aliegesha mkokoteni wake penye kivuli pekee cha sokoni. Basi Ngiri akadamka, akaegesha wake pale, akagoma kuondoka. Kanga, mtoza ushuru, akamdai kibaba cha mahindi kila saa.

"Toza tu!" Ngiri alisema. "Mradi Punda achomwe na jua."

Punda akachomwa siku saba. Siku ya nane, Ngiri akamwona anashusha mizigo chini ya paa jipya la makuti.

"Nani kamjengea?" alifoka.

"Wewe, bwana," Kanga alijibu. "Ushuru wa maegesho ndio unaojenga maegesho. Ukikaa mpaka Ijumaa, tutamwekea na pipa la maji."