Kipimo Ndani ya Gego

Tangu sheria ya utafunaji ianze kutumika, kila aliyefikisha miaka sitini huwekewa kipimo ndani ya gego. Kikilia mara tatu kwa kuuma kupita kiasi, meno yake yote hung'olewa. Changu kilikuwa kimelia mara mbili.

Mama Shose, mke wangu, alinisogezea bakuli la uji. "Fizi zako zimeshuka, Baba Shose. Nguzo ikiliwa udongo shinani, upepo uleule wa jana huivunja."

"Nguzo hii ilitafuna makande ya mahindi na maharage ya bweni la shule miaka sita," nikamjibu. "Wala hakuna aliyeinuka mezani sahani ikiwa na punje."

"Basi hilo bweni lije likulishe ukiwa kibogoyo."

Nilisukuma uji kando, nikajipakulia makande kutoka kwenye sufuria aliyojipikia, nikayatafuna upande uleule wenye gego la kipimo. Maumivu yakapanda hadi sikioni, kisha kipimo kikalia mara ya tatu. Mama Shose akaacha kula.

Maofisa wa utafunaji hawakukawia kubisha hodi. Mama Shose aliinuka kufungua.

"Waambie wasubiri," nikasema, nikichota kijiko kingine. "Sahani yangu bado ina punje."