Somo la Barabara ya Nyanza-Lac

"Rudia," Kadidja alisema, na Spesiyoza akarudia kutoka mwanzo, akipanga maneno ya Kiarabu na hatua zake kwenye vumbi.

Wanaume wa ziara walitangulia na dufu lao. Wanawake walifuata, na hawa wawili walibaki nyuma kabisa ili somo lisisikike. Toka Rumonge mpaka kaburi la shehe ni siku mbili kwa miguu, na ukishafika kaburini Tanzania iko karibu.

Spesiyoza alikuwa mwalimu wa Minago, Mukatoliki. Mwaka ule wa kumi tangu Uhuru, walimu walikuwa wanaitwa na askari kwa listi na hawarudi. Alimasi, mume wa Kadidja, aliyekuwa akifuata mawese Minago kila wiki, ndiye alisema wamfiche kwenye ziara: wamvishe mtandio, wamwite Zena. Mbele kulikuwa na bariyeri, kamba ya askari iliyofunga barabara, na pale kila mtu aliambiwa asome Fatiha kuonyesha ni Muislamu.

Jana, walipopumzika chini ya michikichi, Kadidja aligawa ugali na ndagala. Alimasi aliondoa samaki kwenye sahani ya mwalimu, akamwekea maharage. Ndagala zinamuumiza tumbo, alisema. Kadidja hakuuliza alijuaje. Alikuwa mtu wa kuvumilia na kuangalia.

Jioni ile akaanza kumfundisha. Kusoma Kiarabu Kadidja alikujua vizuri: mama yake alikuwa muosha maiti, na kila kisomo alimwachia. Wenzake wakachekacheka kwamba leo mwalimu ndiye mwanafunzi.

"Dada, nikikosea wataniua," Spesiyoza alisema sasa, bariyeri ikionekana.

"Hautakosea. Soma vile nilikufundisha. Usibadilishe hata neno moja."

Askari walikuwa na mzee mmoja Muislamu, waliyemtoa msikitini awasikilizie. Wanaume wakasoma, wakapita. Kadidja akasoma, akapita, akasimama ng'ambo ya kamba pembeni ya mumewe. Alimasi alikuwa amegeuka, anamwangalia mwalimu.

Ikafika zamu ya Zena. Alisoma kwa sauti safi ya darasani, mpaka mwisho, bila kukwama mahali.

"Ni yenyewe?" askari akamuuliza mzee.

Mzee alimwangalia binti, akamwangalia askari, akaangalia bunduki, kisha akaangalia chini.

"Hapana," alisema. "Hiyo si Fatiha. Hiyo tunamusomea maiti."