Risasi Iliyozama

Verna aliipima tena risasi iliyobaki mezani, na tena ikatoka fupi kwa milimita mbili. Jana alimtengenezea mumewe risasi kumi za kuwindia bila kurudisha skrubu ya mashine ya kushindilia vichwa kwenye maganda, ambayo ilikuwa bado imewekwa kwa vichwa vifupi vya bunduki yake mwenyewe.

Kichwa kilikuwa kimezama mno ndani ya ganda. Baruti ilijaa hadi kipimo cha mwisho, na gesi yake isingepata pa kutanukia. Ingeipasua bunduki palepale shavu linapoegemea.

Akainyakua redio. "Usipige kwanza."

"Nyamaza, bibie," mumewe alinong'ona kutoka mlimani. "Nina kulungu dume hapa, pembe zake hazipiti mlangoni kwetu. Nikimkosa, ni maharage hadi Krismasi."

"Sikiliza, ile mashine jana..."

"Unamtisha." Redio ikazimwa.

Verna akafungua mlango. Theluji ilikuwa imetulia juu ya misonobari. Kipimo cha chuma kilikuwa bado kimeing'ata ile risasi mkononi mwake.

Mlio ukaja, mmoja, mzito kuliko aliouzoea.

Akabonyeza redio. "Niambie umemkosa. Niambie chochote," alisema.